Rejista kwanza, Misa baadaye: kuanza mwaka katika shule ya msingi ya kikatoliki

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Katuba, Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyekabidhiwa mwezi wa saba shule ya msingi ya kikatoliki ya konvansione (ya umma, inayosimamiwa na Kanisa kwa mkataba) yenye madarasa 12. Anaandika kwamba mwaka uliopita darasa la kwanza A lilifika watoto 84 huku B likiwa na 61. Paroko anataka Misa ya kufungua mwaka iwe siku ileile ya kwanza, saa mbili asubuhi. Kamati ya wazazi, yaani COPA, tayari inapanga kukusanya pesa za madawati. Anauliza: nianzie wapi, na mambo haya niyapange namna gani mpaka mwisho wa Septemba?

Mama Direktrise, hongera kwa kazi mpya, na pole kidogo pia.

Misa na pesa nitazifikia. Kwanza tusimame kwenye hesabu yako: 84 upande mmoja, 61 upande wa pili, jengo lilelile. Tofauti ya watoto 23 kati ya vyumba viwili vinavyopakana haiji yenyewe. Bila shaka mwalimu wa A ana jina mtaani, na kila mwenye sauti shuleni anaomba mtoto wake aende kwake. Paroko ameahidi familia moja ya kwaya, rais wa COPA ameahidi jirani, sista ametuma mtoto na kikaratasi, mwalimu mwenyewe ana wajukuu. Kila mmoja ameahidi nafasi mbili tatu tu, tena kwa nia njema, na shule ya kikatoliki ina waahidi wengi kuliko shule nyingine yoyote ya mtaani. Tangu elimu ya msingi ianze kuwa bure, Septemba 2019, waombaji wameongezeka na ahadi nazo zimeongezeka.

Dawa yake ni orodha moja, inayoandikwa na mkono mmoja, ofisini kwako. Nunua kaye (daftari) nene yenye jalada gumu, upige mistari: namba, tarehe ya kuandikishwa, majina, jinsia, siku na mahali pa kuzaliwa, mzazi au mlezi, namba mbili za simu, avenyu na namba ya nyumba, shule anayotoka, hati zilizoletwa. Kwa darasa la kwanza hati ni cheti cha kuzaliwa. Kwa anayehamia ni bulteni, yaani ripoti ya maksi, ya mwaka uliopita yenye sahihi na muhuri. Bulteni isiyo na muhuri irudishwe ilikotoka, hata kama mzazi analalamika kwamba safari ni ndefu.

Majina yaandike ukiangalia cheti, usiandike ukisikiliza mdomo. Mtoto anaitwa Ilunga nyumbani, Kalenga kwenye cheti, na kwenye kadi ya ubatizo kuna jina la tatu. Darasa la kwanza hakuna anayejali. Balaa linatokea darasa la sita, orodha za mtihani wa taifa zinapotumwa na jina la shule haliendani na jina la cheti. Wakati huo kurekebisha herufi moja kunamgharimu mzazi siku nyingi za kuzunguka ofisi. Andika jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza, kama la ubatizo) kwa mpangilio wa cheti, herufi kubwa, kisha mzazi asome na kutia sahihi pembeni. Asiyekuwa na cheti usimfukuze: mpokee, andika kwa penseli, na umwelekeze mzazi aanze utaratibu wa hukumu ya kujaza pengo la cheti, ile wanayoiita jugement supplétif, mahakamani.

Kabla ya kuandika jina la kwanza, hesabu viti. Tuseme chumba kina madawati 22. Wawili kwa dawati ni 44, watatu ni 66. Watatu wanakaa bila shida darasa la kwanza na la pili. Kuanzia la nne viwiko vinagongana na mwandiko unaharibika, kwa hiyo huko hesabu wawili. Sasa toa wanaorudia darasa, jambo ambalo wengi husahau. Kama ni 9, wamebaki 57. Weka nafasi 3 za akiba kwa watakaohamia katikati ya mwaka na kwa dharura zitakazotoka Koordinasyo (ofisi ya Kanisa inayosimamia shule za kikatoliki), wamebaki 54. Kwa vyumba viwili vinavyofanana, watoto wapya ni 108. Namba hiyo ndiyo unayoipeleka kwa paroko na kwa rais wa COPA, mdomoni na kwenye karatasi, siku chache kabla ya Agosti 15. Mwombe paroko aitangaze mwenyewe kwenye Misa ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, pamoja na siku ya kufunga uandikishaji. Akishaitangaza altareni, anakuwa amejikinga na maombi ya sebuleni. Mapadri wengi watakushukuru kwa hilo kimyakimya.

Umri wa kuingia darasa la kwanza ni miaka 6. Utaletewa wa miaka 5 aliyemaliza shule ya chekechea na anayesoma vizuri kuliko kaka yake. Usikubali kwa sababu ya kusoma: mtoto huyo mara nyingi anakwama darasa la tatu, Kifaransa kinapoanza kushika nafasi ya Kiswahili katika masomo, na kumrudisha nyuma wakati huo kunaumiza zaidi.

Na wale 145 wa mwaka jana wako wapi? Wengi wao wanapanda darasa la pili. Ukishughulika na la kwanza tu, msongamano utahama chumba kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao, na mwalimu wa darasa la pili A atakuchukia mpaka Pasaka. Wagawe upya sasa. Chukua wavulana peke yao na wasichana peke yao, wapange kwa tarehe ya kuzaliwa, kisha gawa: wa kwanza orodha ya 1, wa pili na wa tatu orodha ya 2, wa nne na wa tano orodha ya 1, na kuendelea hivyo. Mapacha wabaki pamoja kama wazazi hawakuomba vingine. Usigawe kwa maksi, kwa sababu utazaa darasa la wenye akili na darasa la waliokata tamaa. Orodha zikiisha, waite walimu wawili mbele ya rais wa COPA wavute kura: nani anachukua ya 1, nani ya 2. Fanya vilevile kwa darasa la kwanza. Mzazi akija kuomba mtoto ahamishwe, unamwonyesha kura, na mazungumzo yanakwisha haraka.

Sasa jengo. Agosti ni mwezi mbaya wa kukagua paa kwa sababu hakuna mvua ya kukuonyesha panapovuja. Mvua ya Lubumbashi inashika kasi Novemba, watoto wakiwa katikati ya masomo. Ingia kila chumba saa sita mchana, funga mlango na madirisha, subiri macho yazoee giza, halafu tazama juu. Kila tundu la msumari lililopanuka linaonekana kama nyota. Chini ya kila nyota chora alama ya chaki kwenye dawati au sakafuni, hesabu alama, mwite fundi. Tundu la msumari linazibwa na msumari wenye kofia na mpira, au lami. Bati lililoliwa na kutu kingoni linabadilishwa. Chumba chenye alama tatu kinaweza kungoja, chumba chenye alama ishirini hakingoji.

Madawati: kagua kabla ya kuamini kwamba mnahitaji mapya. Mengi yanayoitwa mabovu yamevunjika ubao wa kukalia tu, fremu ni nzima. Seremala akitengeneza, mwambie atumie bolti na washa, asitumie misumari. Kiangazi ubao unasinyaa na msumari unalegea, mvua ikija unavimba, na baada ya misimu miwili mtoto anachaniwa kaptula. Hesabu ya seremala iandikwe hivi: fremu nzima ngapi, mbao ngapi za urefu gani, bolti ngapi. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, maneno ya COPA yanabadilika kutoka «tukusanye pesa» kuwa «tunahitaji mbao 14».

Vyoo na maji havipendwi mikutanoni, lakini ndivyo vinavyofunga shule kipindupindu kikitokea. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa shule za mchana ni tundu 1 kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu 1 pamoja na mkojoleo 1 kwa kila 50. Shule nyingi za komuni zetu za Lubumbashi, kama Katuba, Kenya au Ruashi, haziwezi kufika hapo mwaka huu. Basi angalau tenganisha vya wasichana na vya wavulana, weka komeo la ndani kwenye milango ya wasichana, na usafishe kabla ya mtoto wa kwanza kuingia. Maji ya bomba usiyategemee. Kunawa mikono kunakula kama nusu lita kwa mtoto, kwa hiyo bidoni ya lita 20 inatosha watoto 40 mara moja. Kipande cha sabuni hakimalizi siku. Chukua chupa ya lita 1 na nusu, tia maji na vijiko vichache vya sabuni ya unga, toboa kifuniko kwa msumari wa moto, ifunge kwa kamba kwenye mti karibu na choo. Haina thamani ya kuibiwa, nayo inafanya kazi ileile.

Tuje kwenye pesa. Shule yako inasimamiwa na Kanisa kwa mkataba uliotiwa sahihi na Serikali tarehe 26 Februari 1977, lakini ni shule ya umma. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, inayosema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma, inakuhusu moja kwa moja. Ukisikia shule ya jirani ya masista inatoza, ulizia kwanza kama ni ya kibinafsi. Kama ndiyo, sheria yake ni nyingine na usijilinganishe nayo.

Najua kinachokuja: «Mama, ni mchango wa hiari.» Mchango ni wa hiari pale tu ambapo mwalimu hajui nani ametoa na nani hajatoa. Orodha ikipita darasani, jina likisomwa, mtoto akirudishwa nyumbani, bulteni ikizuiwa, hiari imekufa, na anayeitwa kujieleza mbele ya inspekta ni direktrise, si rais wa COPA. Kama wazazi wanataka kusaidia kweli, iwe hivi: Koordinasyo ijulishwe kwanza kwa barua, COPA ikutane bila walimu kushika pesa, kitu kitolewe kama kitu, mbao na bolti na siku ya kazi ya baba mwenye msumeno, mhazini wa COPA aonyeshe risiti hadharani, na mtoto wa asiyetoa akae kwenye dawati lilelile. Pesa za uendeshaji zinazotoka Serikalini ziingie kwenye daftari la kasha siku zinapofika, zijadiliwe kwenye COGES, kamati ya uendeshaji wa shule, na muhtasari utiwe sahihi. Usichanganye kasha hilo na kapu la parokia, hata kwa mkopo wa siku moja. Ukipokea shule, dai pia makabidhiano ya maandishi kutoka kwa aliyekutangulia: kasha, vitabu, madawati, funguo. Funguo hasa.

Utakuwa na walimu ambao hawajaingia kwenye mishahara ya Serikali, faili zao bado ziko njiani DINACOPE, ofisi ya Serikali ya malipo ya walimu iliyochukua nafasi ya SECOPE. Hao ndio shinikizo la kweli nyuma ya kila mchango. Usiwafiche. Waandike, hakikisha faili zao ni kamili na nakala unayo, uliza Koordinasyo zimefika wapi, na usiongeze mwingine kwenye foleni hiyo kwa ahadi ya mdomo.

Sare ni nyeupe na buluu, inayouzwa kila soko la mji. Onyesha kipande cha kitambaa cha rangi mnayokubali, bandika mlangoni, na umwache mzazi achague fundi wake. Shule ikianza kuuza sare yenyewe, imerudisha ada kwa mlango wa nyuma. Wiki mbili za kwanza mtoto asiye na sare aingie darasani bila neno. Orodha ya makaye iwe fupi na itoke kabla ya Agosti 20: kwa la kwanza, makaye manne ya kurasa 48 (mistari miwili kwa mwandiko, vimraba kwa hesabu), ubao mdogo wa kuandikia, penseli mbili, kifutio. Biki (kalamu ya wino) hapana. Kwa la tano na la sita makaye kumi yanatosha, ikiwemo moja ya mawasiliano kati ya mwalimu na nyumbani. Chaki: hesabu vipande 4 kwa siku kwa kila darasa, yaani karibu boksi tatu za vipande 100 kwa muhula, boksi 36 kwa shule yako nzima. Zikae ofisini, zitoke boksi moja moja kwa sahihi.

Walimu waje wiki moja kabla ya watoto. Wasije kufagia tu. Kila mmoja aondoke Ijumaa akiwa na makadirio ya masomo ya muhula wa kwanza, ratiba, daftari la matayarisho, rejista ya mahudhurio yenye majina yaliyokwisha kuandikwa, na daftari la maksi lililopigwa mistari. Wewe tia sahihi kila kimoja. Mwalimu anayeanza kuandika majina Jumatatu asubuhi mbele ya watoto 70 amepoteza wiki.

Kwa kalenda ya miaka hii, mwanzo ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Siku hiyo hutakuwa na watoto wote. Wazazi wengine bado wanatafuta viatu, wengine wako kijijini, wengine wanangoja waone kama masomo yameanza kweli. Nusu ya darasa siku ya kwanza si jambo la kushangaza. Ndiyo sababu Misa ya kufungua mwaka, ile ya Roho Mtakatifu, siku hiyo saa mbili ni kosa: utaadhimisha mwanzo wa mwaka bila nusu ya shule, walimu watakuwa njiani badala ya darasani, na mtoto mgeni wa miaka 6 atafungua maisha yake ya shule kwa kutembea barabarani kwenye msururu asioujua. Siku ya kwanza mtoto anahitaji mambo matatu: ajue kiti chake, ajue choo kiko wapi, na mwalimu aseme jina lake. Walimu wa la kwanza wazungushe watoto uwanjani kwa vikundi vya kumi kumi, wawaonyeshe choo, maji, kengele, mlango wa kutokea na mahali pa kumngojea mzazi. Sala fupi kwenye mstari wa asubuhi inatosha. Paroko aje abariki, dakika tano, aende zake.

Wiki mbili za kwanza ni za kukumbusha masomo ya mwaka uliopita. Siku ya nne hivi, kila darasa kuanzia la pili lipewe kipimo kidogo: imla ya maneno matano, hesabu kumi, sentensi moja ya kusoma kwa sauti. Kisihesabiwe kwenye bulteni. Kinamwonyesha mwalimu watoto wanane wa kukaa mbele. La kwanza wasipimwe chochote, wazoee tu kushika penseli. Na mwalimu asiwakate watoto kila wakisema «batoto banaenda» kwa sababu kitabu kina Kiswahili bora; aitikie kwa usahihi, aendelee. Mtoto anayekatwa kila sentensi wiki ya kwanza, ya tatu hasemi tena.

Misa iweke wiki ya tatu, siku ya kazi, na tarehe uichague na paroko ukiwa na kalenda ya liturujia mezani. Septemba ina siku zenye Misa yake, isiyoachwa ovyo kwa ajili ya ile ya Roho Mtakatifu: 8 Kuzaliwa kwa Bikira Maria, 14 Kutukuka kwa Msalaba, 21 Mtakatifu Mathayo, 29 Malaika Wakuu. Kumbukumbu za lazima, kama 15 na 16, zinaweza kuiachia nafasi kukiwa na sababu ya kichungaji; paroko ndiye anayeamua. Mapadri hawahitaji kufundishwa hili, ila tarehe zikipangwa na katibu wa COPA kwa simu, ndipo mnajikuta na Misa ya Roho Mtakatifu tarehe 14.

Iwe saa mbili asubuhi kabla ya jua kali, isizidi saa moja. Mwongozo wa Roma wa mwaka 1973 kuhusu Misa pamoja na watoto unaruhusu kupunguza masomo yakiwa mazito kwao, mradi Injili isiachwe. Somo moja, wimbo ambao shule nzima inaujua, msomaji wa la sita aliyefanya mazoezi na maikrofoni ileile ya kanisani. Njiani kila mtoto wa la kwanza ashikwe mkono na wa la sita, mtu mzima mmoja kwa watoto 20, na wazazi wawili wa COPA wasimame kwenye kila kivuko. Vikao vya la kwanza viwe karibu na mlango wa pembeni, kwa sababu dakika ya ishirini kuna mtoto atakayetaka kutoka. Matoleo: kila darasa lipeleke kitu kimoja altareni, kaye, chaki, mpira. Pesa zisikusanywe na walimu.

Utakuwa na watoto wa makanisa mengine na Waislamu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kidini katika elimu, kwa hiyo cheti cha ubatizo hakiwezi kuwa sharti la kuandikishwa. Waje Misani na wenzao kama wazazi hawapingi. Asiyekuja awe na mwalimu wa kubaki naye shuleni na kazi ya kufanya, si adhabu ya kufagia. Katekesi ya ubatizo na ya komunyo ya kwanza ni ya parokia, pamoja na shirika (jumuiya ndogo ya Wakristo) la mtaa wa mtoto. Somo la dini la shuleni ni la wote na linapata maksi. Waimbaji, watumikiaji wa altare na Kiro, chama cha vijana wa Kanisa, waanze Oktoba, watoto wakishazoea ratiba.

Mkutano mkuu wa wazazi ufanye Jumamosi baada ya Misa. Ufungue kwa namba: watoto wangapi kila chumba, mbao ngapi zimetengenezwa, kasha lina nini. Ukianza na hotuba, nusu wataondoka kabla ya namba.

Ijumaa ya mwisho ya Septemba kaa na rejista. Kutakuwa na majina yaliyoandikwa Agosti ambayo hayajaonekana hata siku moja. Piga simu zote mbili, mtume mtu kwenye avenyu, na kama familia imehama futa kwa wino mwekundu pamoja na tarehe, kisha mwite wa kwanza kwenye orodha ya akiba, ile ya waliokosa nafasi. Hesabu inayobaki ndiyo unayoipeleka Koordinasyo na kwenye ofisi ya Serikali ya eneo lako, namba ileile kote. Mashule mengi hupeleka mbili tofauti, moja ya kuombea madawati na nyingine ya kuombea walimu, na inspekta akija Novemba anahesabu vichwa.